Usijitaabishe na Njia

Kifuniko cha birika kilianza kugonga kabla ya adhana, ta, ta, ta, na hapakuwa na mtu ndani ya nyumba ile wa kusema, "Kuruthum, maji yanakauka." Zamani alikuwapo. Mumewe, Mzee Hashil, Mungu amrehemu, alikuwa akilala sikio moja liko macho, na maneno yake ya kwanza kila siku yalikuwa hayo ya birika. Sasa Bi Kuruthum alikiacha kifuniko kigonge kidogo kabla ya kuinuka. Nyumba isiyo na mtu wa kukukaripia ina ukimya wake, na birika linalochemka ni afadhali kuliko ukimya huo.

Akaliondosha motoni, akatia majani na tangawizi, akamimina kikombe kimoja. Mkono wake ulikuwa ungali ukienda kabatini kuchukua viwili.

Nyumba yenyewe ilikuwa Ibra, Omani, upande wa mashamba ya mitende, karibu na pale falaji, ule mfereji wa maji wa kale, inapopita chini ya barabara. Alifika pale kutoka Unguja akiwa msichana, akazalia pale, akazikia pale. Watoto walikua, wakaenda Maskati kutafuta kazi, wakaoa hukohuko. Jirani yake Fawziya, Mpemba, ndiye aliyekuwa wa mwisho wa kuzungumza naye Kiswahili cha nyumbani, kile kinachoanza na shikamoo na kuishia na kicheko. Mwaka uliopita mwanawe Fawziya alikuja kumchukua kwenda kukaa naye Sur. Walikuwa wakienda pamoja soko la wanawake kila Jumatano. Bi Kuruthum hakuacha kwenda. Alikaa pale na kofia ya bulibuli aliyokuwa akiishona, akizungushia nyuzi vitobo vyake kimoja baada ya kimoja, watu wakimsalimia kwa Kiarabu naye akiwajibu kwa Kiarabu, kisha akarudi nyumbani.

Hayo yote aliyavumilia. Kilichomshinda ni Alkhamisi.

Mjukuu wake Wasan, binti wa mwanawe Muhanna, alikuwa akifanya kazi katika duka la dawa Maskati. Tangu aliponunua gari lake, kila Alkhamisi jioni alikuwa akishika njia ya Ibra, akalala kwa bibi yake hadi Jumamosi. Alikula mkate wa kumimina kama anayefukuzwa, akajinyoosha mkekani, miguu akaiweka juu ya mapaja ya bibi, akasimulia habari za wateja wanaotaka dawa ya kikohozi huku mkononi wameshika sigara. Kiswahili chake kilikuwa kibovu na kitamu. Bi Kuruthum alimsahihisha, naye akacheka, akakosea tena.

Alkhamisi moja ya joto kali aliingia macho mekundu, amechoka hata kanga ya kubadili ilimshinda kufunga. Bibi akamwonea huruma. Akamwambia, "Mwanangu, usijitaabishe na njia. Mimi sina neno."

Kwa watu wa rika la Bi Kuruthum, neno kama hilo halisemwi ili lifuatwe. Husemwa ili lipingwe. Mwenye adabu hujibu, "Hapana, Bibi, lazima nije." Wewe unasema, "La, kweli, pumzika." Naye anasema, "Nitakuja tu, upende usipende." Hapo ndipo mnapocheka, na mambo yanabaki yalivyokuwa, ila kila mmoja amejua kuwa mwenziwe anamjali. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Ukikaribishwa chakula unasema umeshiba, unakaribishwa tena unasema umeshiba, mara ya tatu unavutwa mkono na unakula. Hata mwenye njaa ya siku mbili hawezi kukubali mara ya kwanza. Ataonekana hakufunzwa.

Wasan alizaliwa Maskati. Alimtazama bibi yake, akasema, "Tayyib, Bibi." Haya, sawa.

Na Alkhamisi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

Bi Kuruthum alipika kama kawaida, na ilipofika Isha akaufunika mkate, akaupeleka kwa majirani. Hakupiga simu kuuliza. Angeuliza nini? Mtu hatembelewi kwa kuomba. Wasan alikuwa akipiga simu mwenyewe, "Bibi, u mzima?" naye akijibu, "Mzima, mwanangu, sina neno." Na kila alipolisema neno hilo alijua amegongomea msumari mwingine kwenye mlango wake mwenyewe.

Safari ya Nurata hakuulizwa, na kwa kuwa hakuulizwa hakupata nafasi ya kuikataa.

Wasan na rafiki yake Reem walikuwa wamepanga kwenda kupumzika mwisho wa juma katika mji huo mdogo wa Uzbakistani, mbali na miji inayojaa watalii. Mara Reem akaposwa, harusi ikawekwa karibu, mama yake akamkatalia. Chumba kilikuwa kimeshawekwa. Muhanna akamwambia binti yake, "Mchukue bibi yako," akakata tiketi, ndipo akampigia mama yake simu.

"Mama, wiki hii unasafiri."

"Nasafiri wapi?"

"Uzbakistani."

"Kuna nani wetu huko?"

"Hakuna mtu wetu."

"Basi naenda kumtazama nani?"

"Unakwenda kupumzika, Mama. Siku hizi watu wanakwenda mahali hawana mtu, wanapumzika."

Bi Kuruthum alitaka kumwambia kuwa kama ni mahali pasipo mtu, yeye anapo hapohapo Ibra, wala hahitaji ndege. Akasema, "Haya, baba." Alikwisha kufikiri kuwa siku zote hizo atakuwa na Wasan. Hatamwomba kitu. Lakini mtoto akikaa karibu, huenda akakumbuka.

Wasan alimjia alfajiri ileile ya birika. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, ufunguo wa gari mkononi. "Shikamoo, Bibi. Yalla, tutachelewa. Na hii mkoba nzito kuna nini?"

"Marahaba. Huu mkoba. Una halwa."

"Halwa ya nani?"

"Ya wenyewe wa nyumba tunayokwenda. Utaingia nyumba ya watu mikono mitupu?"

"Bibi, ile nyumba ya wageni. Tunalipa! Sisi si wageni ya kweli."

"Mgeni ni mgeni," akasema Bi Kuruthum, akaipakata halwa yake mapajani.

Njiani Wasan akauliza, "Bibi, una njaa? Nisimame?"

"Aa, mwanangu, sina."

"Tayyib."

Gari likaenda. Bi Kuruthum aliyatazama maduka ya sambusa yakipita dirishani moja baada ya jingine hadi yakaisha, ikabaki milima. Uwanja wa ndege Wasan akauliza kama amletee kiti cha magurudumu. "Aa, nitatembea." "Tayyib." Akatembea. Uwanja ule hauna mwisho. Magoti yaliwaka moto, na mjukuu wake alikuwa mbele akikokota masanduku yote mawili peke yake, akigeuka kila mara kumtazama kwa mapenzi. Hapana, mtoto hakuwa na ubaya hata kidogo. Bi Kuruthum aliliona hilo wazi, na ndilo lililomuuma zaidi. Mtu mbaya ungemlaumu ukatua mzigo.

Walipanda ndege, wakapanda treni, wakapanda gari dogo la kukodi. Nurata ilikuwa chini ya vilima vikavu vya rangi ya ngamia, na ngome ya udongo iliyobomoka juu ya kilima. Palikuwa na miti kando ya mifereji, na chemchemi karibu na msikiti, maji yake meupe kama kioo, na samaki tele ambao hakuna anayewala kwa heshima ya mahali. Dereva akawaonyesha pale maji yanapotoka chini ya ardhi kwa mfereji uliochimbwa na watu wa zamani.

"Falaji," akasema Bi Kuruthum.

"Bibi, si falaji, hii ni Uzbakistani."

"Na mimi nakwambia ni falaji. Mmenikata tiketi ya ndege kunileta Ibra, tena Ibra yenye baridi."

Wasan akacheka mpaka dereva naye akacheka bila kujua anachekea nini. Kilikuwa kicheko cha zile Alkhamisi. Bi Kuruthum akakishika moyoni, asijue kama atakisikia tena.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa umri wake, mfupi, amefunga kitambaa kwa nyuma, na meno ya dhahabu yaliyomeremeta alipotabasamu. Jina lake Saodat. Aliweka mkono kifuani, akainama. Hakutazama masanduku. Alitazama miguu ya Bi Kuruthum ilivyovimba, akaenda ndani, akarudi na beseni la maji ya moto na soksi za sufu. Hakuna aliyemwambia. Wasan alikuwa angali akitafuta jina la mwenye nyumba kwenye simu.

Halwa ilipokelewa kwa mikono miwili, ikabusiwa, ikawekwa juu. Bi Kuruthum akamtupia mjukuu wake jicho moja tu. Wasan akanyanyua mikono: haya, umeshinda.

Chakula kililiwa uani, juu ya kitu kama kitanda kipana chenye magodoro na meza fupi katikati, chini ya mzabibu. Kulikuwa na mikate ya duara ya tanuri, ndugu ya mkate wa ajemi, ila katikati imepigwa muhuri wa maua. Kulikuwa na pilau isiyo na iliki wala mdalasini, imejaa karoti. Bi Kuruthum akaonja kidogo, akarudisha mkono kifuani. "Ahsante. Nimeshiba."

"Oling, oling," akasema Saodat. Chukua, chukua.

"Alhamdulillahi, nimeshiba."

"Oling!"

"La, kweli, dada yangu."

Saodat hakuwa na habari na la. Alimega mkate, akauchovya kwenye mafuta ya nyama, akaukamata mkono wa Bi Kuruthum, akaufungua, akautia mkate ndani na kuvifunga vidole vyake kimoja kimoja kama anavyofungwa mtoto. Kisha akakaa kumtazama mpaka ale.

Bi Kuruthum akala. Akala na pilau ya karoti, akala na zabibu, akala hadi Wasan akaacha kula yeye.

"Bibi, si umesema umeshiba?"

"Nimesema."

"Sasa?"

"Sasa nakula."

"Wallahi sikufahamu."

"Najua, mwanangu," akasema Bi Kuruthum. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasingizia moshi wa tanuri. Tangu Fawziya aondoke hapakuwa na mtu aliyemkatalia kukataa kwake.

Asubuhi ya pili Wasan alipata wenzake, wasichana wawili watalii waliokuwa wakienda kupanda ngome na baadaye kwenda ziwani. "Bibi, utakuja na sisi?"

Bi Kuruthum alitaka kwenda. Hata kama angekaa chini ya kilima akishika viatu vyao, alitaka. "Aa, nendeni nyinyi vijana. Mimi miguu yangu."

"Una hakika?"

Hii ilikuwa mara ya pili. Ikifika ya tatu anainuka. "Nina hakika," akasema, akamngojea.

"Tayyib, Bibi. Tutarudi magharibi." Akambusu kichwani, akaondoka. Sauti za wasichana zikashuka njiani, zikawa ndogo, zikaisha. Majani ya mzabibu yakaanguka mawili matatu. Bi Kuruthum akakaa juu ya kile kitanda kipana, akawaza kuwa amepita nchi na nchi, na upweke umemfuata na paspoti yake.

Saodat akamletea chai. Alipoiona kofia ya bulibuli mkononi mwake, akapiga kelele ndogo ya furaha, akakimbia ndani, akarudi na kitambaa kikubwa alichokuwa akitarizi, maua mekundu kama makomamanga. Wakakaa kushona. Mmoja akionyesha, mwenziwe akipapasa kwa kidole na kutikisa kichwa. Kila mmoja alizungumza lugha yake mwenyewe na mwenziwe alijibu, "Hee." Ikapita asubuhi njema kabisa.

Saodat alipokwenda kulisha kuku, Bi Kuruthum akaona si vizuri mgeni kukaa kitako mchana kutwa. Akaingia jikoni kuosha vikombe. Na pale ukutani, juu ya msumari, akauona mkate.

Ulikuwa umetungikwa kwa uzi, mkavu kama kigae, una vumbi, na upande mmoja umemegwa. Bi Kuruthum alisikitika. Akasema moyoni: maskini, panya ameula, na mwenyewe macho hayaoni tena huku juu. Kwao neema ya Mungu haiachwi ikaliwa na vumbi; mkate mkavu huloweshwa maziwa, ukitiwa sukari kidogo watoto huugombania, na usipolika na watu basi kuku wapo. Alipenda amlipe Saodat hisani yake kwa kazi ya mikono, asikae kama mtu aliye hotelini. Akauteremsha. Akaupangusa. Akaushika kwa mikono miwili, akaanza kuuvunja juu ya bakuli.

Kipande kimoja kilikatika, kikalia kama kuni.

"Yok!" Hapana!

Saodat alikuwa mlangoni, ndoo imemtoka. Alikuja mbio, akaupokonya mkate, akaukumbatia kifuani kama mtu aliyemwokota mtoto barabarani. Kisha akainama, akakichukua kile kipande ndani ya bakuli, akajaribu kukirudisha mahali pake. Akakishikilia pale kwa kidole. Kila alipoondoa kidole kilianguka.

Bi Kuruthum hakujua amefanya nini, ila alijua ni kikubwa. Mikono yake ilibaki hewani. "Nisamehe," akasema kwa Kiswahili, na kwa Kiarabu, na tena kwa Kiswahili. Saodat alikaa juu ya kigoda. Hakulia kwa sauti. Na jambo ambalo Bi Kuruthum hatalisahau ni kwamba katika kilio chake chenyewe yule mwanamke alinyoosha mkono, akaushika wake, akauvuta mpaka akakaa karibu naye. Wakakaa hivyo, mkate katikati, mpaka kuku wakaanza kuingia jikoni kuulizia chakula chao.

Wasan aliporudi magharibi, uso umeiva kwa jua na baridi, aliwakuta bado pamoja. Bi Kuruthum akamwambia, "Toa hicho kisimu chako, mwanangu. Muulize nimemfanyia nini."

Wasan akaiweka simu karibu na mdomo wa Saodat. Saodat akasema maneno mengi. Simu ikayageuza Kiarabu, Wasan akayasoma na kuyatia Kiswahili alivyoweza.

"Anasema, mtoto wake wa kiume alikwenda kufanya kazi Urusi. Kwao mtu akisafiri mbali anauma mkate kidogo. Mkate inawekwa ukutani. Inamngoja. Akirudi, anamaliza." Akamgeukia bibi yake. "Bibi, ulifanya nini na mkate?"

"Nilitaka kuwapa kuku."

"Ya Rabbi."

"Usinitazame hivyo, nimeshajitazama mwenyewe. Muulize mwanawe amekwenda zamani?"

Zamani. Mtoto wa huyo mwanawe sasa anasoma shule na hajawahi kumwona bibi yake.

"Muulize, mwanawe anajua kuwa mkate ungalipo?"

Saodat alisikiliza, kisha akatabasamu, meno yakang'aa. Akainua mkono kama aliyeshika simu mbele ya ukuta.

"Anasema, kila Ijumaa anampigia kwa video. Anamwonyesha mkate. Anamwambia, tazama, unazidi kuwa mgumu, mimi nazidi kuzeeka, njoo. Mtoto anasema, mwakani. Ijumaa nyingine anamwonyesha tena."

Bi Kuruthum aliuchezea uzi wa kofia yake. Aliona haya kuuliza alilotaka kuuliza, kama anayechungulia chumba cha mtu. "Haoni vibaya? Mtoto yuko kazini, ana shida zake. Hajamwambia hata siku moja, usijitaabishe, mimi sina neno?"

Wasan akatafsiri. Saodat akashangaa. Akamtazama Bi Kuruthum, akamtazama Wasan, akajibu kwa maneno machache.

Wasan akasoma. "Anasema, kwa nini nimwambie hivyo? Ataniamini."

Wasan aliitia simu mfukoni, akaenda kunawa, kwa kuwa kwake lilikuwa jibu la bibi mmoja kuhusu mtoto wake aliye Urusi. Bi Kuruthum alibaki ameishika sindano bila kuona tundu lake.

Siku ya kuondoka, Saodat alikuwa ameshautungika mkate tena, kile kipande amekifunga kwa uzi mwekundu wa kutarizia. Alimwonyesha Bi Kuruthum, akampigapiga begani: umeona, mzima. Akamtilia soksi za sufu mkobani. Gari lilipokata kona alikuwa angali barabarani, mkono kifuani.

Katika treni Bi Kuruthum aliyapanga maneno. Katika ndege akayapanga upya. Wasan alikuwa na vile vitu vyake masikioni, amelala, kichwa kimeangukia bega la bibi yake. Bi Kuruthum hakujitikisa safari nzima, bega likafa ganzi. Maneno yalikuwa mepesi. Mtoto wa miaka mitatu angeyasema. Lakini aliona kama anaambiwa avue mtandio sokoni. Akiyasema na Wasan akajibu, "Inshallah, Bibi," kwa ile sauti ya watu wenye kazi, basi hata ile Alkhamisi ya kungoja haitakuwapo tena. Asiyeomba hanyimwi. Miezi yote hiyo alikuwa akiishi kwa hilo.

Walifika Ibra alasiri. Wasan alimfungulia mlango, akamwingizia sanduku mpaka kando ya kitanda, akafungua madirisha, akanusa. "Nyumba iko na harufu ya peke yake," akasema, akacheka. Kisha akatazama saa. "Bibi, mimi narudi. Kesho kazi. Uko sawa? Nikuletee kitu kabla sijakwenda?"

"Aa, mwanangu, sina..."

Wasan alikuwa ameshafika mlangoni, amevaa kiatu kimoja. Nje mitende ilikuwa kimya, na mtu mmoja shambani alikuwa akifungua maji. Yalisikika yakiingia mferejini.

"Wasan."

"Labbeik, Bibi."

"Zile Alkhamisi." Sauti ilimtoka nyembamba, kama si yake. "Ulikuwa ukija."

Wasan aligeuka polepole, kiatu cha pili mkononi. Uso wake ulibadilika, na haukubadilika kama alivyoogopa Bi Kuruthum. Ulikuwa uso wa mtoto aliyekumbushwa mahali alipopigwa. "Bibi, si wewe ulisema nisije?"

"Nilisema."

"Mimi nilidhani umechoka na mimi. Nakula sana, nasema sana, naweka miguu juu yako. Nikasema, basi, Bibi anataka kupumzika. Nilikuwa naona haya hata kuuliza."

Bi Kuruthum alishika kizingiti cha mlango. Hili hakuliwaza hata mara moja, katika Alkhamisi zote zile za kufunika mkate na kuupeleka kwa majirani: kwamba huko Maskati palikuwa na mtu mwingine amekaa na mlango wake uliofungwa, akidhani amefungiwa.

"Nimechoka na wewe?" akasema. "Ewe mtoto. Nimechoka na kikombe kimoja."

Wasan akacheka na macho yamejaa maji. Akaja, akamkumbatia kwa nguvu, kiatu kikimchoma bibi yake mgongoni. "Lakini Alkhamisi hii ni harusi ya Reem," akasema begani mwake. "Lazima niwepo. Na ile nyingine sijui zamu zangu, Bibi, wallahi sijui. Duka siku hizi wafanyakazi wachache. Sitaki kukudanganya."

Maneno yale ya zamani yalikuja yenyewe hadi ulimini, yamevaa adabu zao zote: haidhuru, mwanangu, kazi kwanza, usijitaabishe na njia. Bi Kuruthum akayaonja. Akayameza. Akamshika mjukuu wake mashavu kwa mikono miwili, mikono iliyotobolewa na sindano, akamtazama mpaka akahakikisha kuwa anasikia.

"Basi siku utakayopata," akasema. "Hata kwa chai moja. Njoo unitazame, mwanangu. Nakuomba uje."